Gunia Lenye Kilemba: Niliyoyasema Siku ya Kuvunja Kikoba, Uyole

Hii ni hotuba niliyoitoa siku tunavunja kikoba chetu cha kuweka na kukopa hapa Uyole, Mbeya, yaani siku ya kufungua sanduku la akiba na kugawana. Wenzetu wengine walikuwa safarini wakaniomba niiandike waisome, basi nimeiandika vilevile nilivyoongea, pale nilipokatishwa nimeunganisha tu, na majina ya watu nimeyaacha, sababu mtaiona mkifika mwisho.

Mwenyekiti, katibu, mhazini, wanakikundi wenzangu na wageni mliokuja kushuhudia, kamwene! Najua humu ndani Wahehe tuko watatu tu na wengi wenu mmezoea kunisalimia hivyo kwa kunitania, leo nimewatangulia. Shikamooni wazee wetu. Wadogo zangu na wanangu poleni na tope, nimeona viatu vilivyopangwa hapo mlangoni, kweli mmetoka mbali.

Nimeombwa niongelee uaminifu. Mwenyekiti aliponipigia simu nikamjibu sawa, lakini usiku nikakaa nikaona uaminifu ni neno ambalo kila mtu humu atalipigia makofi halafu anarudi nyumbani vilevile alivyokuja, maana hakuna mtu anayeamka asubuhi akasema leo mimi nakwenda kuwa siyo mwaminifu. Kwa hiyo nimeamua niongelee kitu kidogo zaidi ambacho tunakifanya wote, na mimi nimekifanya, nacho ni kupotosha. Sijasema kudanganya, nimesema kupotosha. Nivumilieni kidogo maana nitaanzia kwenye viazi.

Wengi mnanijua kwa hili sanduku lakini wachache mnakumbuka kwamba zamani nilikuwa dalali wa viazi. Miaka kumi na moja. Isongole, Umalila, hadi Makete nimefika, nalala kwa watu, alfajiri niko shambani na daftari. Tajiri anatoka Dar na fuso lake na magunia yake matupu, na hilo ndo jambo la kwanza la kuangalia, magunia ni ya kwake, siyo ya mkulima. Vijana wanajaza. Gunia likifika mdomoni wewe unadhani limejaa, hapana, hapo kazi ndo inaanza. Kijana anapanda juu anashindilia kwa miguu, anatikisa, anashindilia tena, halafu anachukua viazi vikubwa vikubwa anavipanga duara kwenye mdomo wa gunia kama mtu anayejenga ukuta wa kisima, anaongeza duara la pili juu yake, la tatu, katikati anamwaga ndoo, halafu anafunika na wavu anashona kwa sindano ile ndefu na kamba. Ukilitazama kwa mbali gunia limevaa kilemba. Hiyo ndo lumbesa. Gunia linatakiwa lisizidi kilo 100, lile linakwenda 130, 140 na zaidi, vijana wanne wanalipandisha kwenye gari wanahema.

Sasa kuna mzee mmoja kule Umalila, sitamsahau. Asubuhi ya ukungu, huoni hata mti wa jirani. Mzee alikuwa na rundo lake la viazi vizuri kweli, aina ya Kikondo, udongo bado unanukia. Yeye alikuwa ameshapima usiku na mwanae kwa gunia la nyumbani na akakadiria magunia 60, na mahesabu yote ya ada na mbolea ya msimu unaofuata alishayafanya kwa hiyo 60. Tukajaza. Tukamaliza rundo. Mimi nikaandika kwenye daftari: gunia 43. Mzee akasogea akachungulia daftari langu, akanitazama usoni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hayo 43 ni ya kuhesabu au ya kupima?" Sikumjibu. Nilijifanya nahesabu tena.

Piga hesabu wewe mwenyewe. Viazi ni vilevile, kilo elfu sita. Ukigawa kwa 100 unapata 60, ukigawa kwa 140 unapata 43 kasoro kidogo. Magunia 17 ya yule mzee yalikwenda wapi? Hayakuibiwa. Hakuna mtu aliyekimbia na gunia hata moja usiku. Polisi angekuja asingekamata mtu. Yalimezwa na neno. Mimi nilisema "gunia", mzee akasikia "gunia", na neno lilikuwa moja ila ndani yake hamkuwa na kitu kimoja, na aliyejua hivyo ni mimi na tajiri, na mzee naye alijua ila hakuwa na la kufanya kwa sababu akikataa fuso linahamia shamba la jirani.

Na sheria ipo, msije mkasema haipo. Sheria ya Vipimo ipo, Sura ya 340, Wakala wa Vipimo wapo, lumbesa inapigwa marufuku kila mkuu wa mkoa anayekuja, ila ukimwambia tajiri alete mizani shambani anakuambia basi mama nitanunua mbele. Na kabla wakulima hamjapiga makofi zaidi naomba niseme la upande wenu pia. Nimekulia Iringa, nimepita Ilula msimu wa nyanya mara nyingi mno, na wote mnajua tenga la Ilula lilivyo, juu nyanya nyekundu zinang'aa kama zimepakwa mafuta, chini zimejaa ndogo ndogo na zilizopondeka na majani. Nyanya za juu ni za kweli! Hakuna anayekuambia uongo, anakuonyesha nyanya halisi za shamba lake. Anachokificha ni kwamba zile siyo za tenga zima.

Hapo ndo ninapotaka tukae.

Uongo mtupu una shida yake lakini angalau unakamatika. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" miaka ya mwanzo iliwaliza watu, leo hii hata bibi yangu ambaye hajui kusoma anampa mjukuu simu anamwambia futa huyo mwizi. Uongo mtupu tunaujifunza tunauzoea. Ila gunia lenye kilemba? Lile ni la kweli lote. Gunia la kweli, viazi vya kweli, hata daftari langu lilikuwa sahihi, nilihesabu 43 na yalikuwa 43. Mtu anayepotosha hana haja ya kutunga. Anachukua kitu cha kweli anakishona kilemba, au anachagua za juu anakuonyesha, basi, moyo wake unamwambia sijasema uongo, na analala usingizi. Mimi nililala usingizi miaka kumi na moja.

Angalieni mchele. Nenda Dar soko lolote utakuta "mchele wa Kyela" umeandikwa kwenye kila rundo, na sisi tunaotoka huku tunajua Kyela ni wilaya moja pale ziwani, haiwezi kulisha nchi nzima. Mwingine ni mchele mzuri tu wa kwingine, ungeuzwa kwa jina lake usingekuwa na aibu yoyote. Lakini jina la Kyela limefanya kazi miaka mingi kwa harufu yake, kwa hiyo linaazimwa bila kuombwa, na anayeumia ni yule mama wa Kyela mwenye mchele wenyewe, anafika sokoni anaambiwa huu wako mbona hata Kyela siyo. Nimemuona kwa macho yangu mama akibishana na mteja hivyo, mchele wa shambani kwake, anaambiwa siyo wa kwake.

Hayo ni vitu. Vitu vina nafuu, mizani ukiileta mambo yanaisha. Nia je? Nia ya mtu unaipima na mzani gani?

Wakubwa humu mnaikumbuka DECI, ule upatu uliokusanya hela za watu nchi nzima. Wale hawakumwambia mtu weka hela upate riba, wangesema hivyo watu wangeuliza maswali. Walisema panda mbegu. Unapanda, unasubiri, unavuna. Sasa sisi ni watu wa jembe, toka tukiwa wadogo tumeambiwa apandaye ndiye avunaye, na makanisani ndo maneno tunayoyasikia kila Jumapili, mtu akikuambia panda mkono wenyewe unakwenda mfukoni. Na waliotangulia walivuna kweli! Mliwaona wamevuna. Ila shamba halikuwepo. Mavuno ya aliyetangulia ilikuwa ni mbegu ya aliyekuja nyuma yake. Mwaka 2009 serikali ikaisimamisha, 2013 mahakama ikawatia hatiani viongozi wake, watu nchi nzima wamebaki na vikaratasi. Neno zuri la watu wa jembe lilitumiwa kama kilemba, na mpaka leo kuna watu ukiwaambia waweke akiba wanakuangalia kama wewe ndo uliwauzia zile karatasi.

Na karatasi nazo, msiziamini kwa sababu tu zimeandikwa. Mimi nimekulia jirani na Kalenga, shuleni walitupeleka makumbusho tukaona fuvu la Mkwawa, mtawala wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ndani ya kioo, nilikuwa darasa la tano nikalia. Mnajua habari yake. Wajerumani waliweka zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayempata, na tarehe 19 Julai 1898 kule Mlambalasi aliona heri ajipige risasi mwenyewe kuliko kushikwa. Wakakata kichwa wakaondoka nacho. Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha, mwaka 1919, mataifa makubwa yakakaa Versailles wakaandika mkataba, na ndani yake kuna kifungu cha 246 kinachosema fuvu la Mkwawa likabidhiwe ndani ya miezi sita. Miezi sita! Imeandikwa, imetiwa saini na wakubwa wa dunia. Halafu ikawa halijulikani lilipo. Fuvu limerudi Kalenga mwaka 1954, gavana wa Kiingereza, Twining, ndiye aliyelikabidhi. Kutoka 1919 mpaka 1954 ni miaka 35, watu waliozaliwa baada ya mkataba walikuwa wameshakuwa na watoto wao. Karatasi ilibeba nia nzuri kabisa, ila nia ile haikuwa na mtu wa kuibeba. Mkumbuke hii habari ya karatasi maana nitairudia.

Sasa watu. Mnatutania sisi Wahehe kwamba tunakula mbwa, kwamba ukimkaripia Mhehe anatafuta kamba. Nimeishi hapa Mbeya miaka 30 nimesikia yote. Na watani zetu hasa, Wangoni, ndo usiseme, babu zetu walipigana nao vita vikali karne ya 19 halafu vita ikageuka utani, leo Mngoni anaweza akaja msibani kwetu akalala juu ya kaburi akadai kuku na hakuna anayekasirika. Lakini kuna kitu kwenye utani ambacho wazee walikiweka kwa akili sana. Utani unasemwa usoni. Unaniambia nakula mbwa mimi mwenyewe nikiwepo, na mimi nina zamu yangu ya kukujibu, na watu wanacheka wanajua ni utani. Fitina haina zamu. Fitina inasemwa mtu akiwa hayupo, na anapofika watu wananyamaza.

Oktoba 2016, kijiji kinaitwa Iringa Mvumi. Msichanganye na Iringa yetu, kile kiko Dodoma, wilaya ya Chamwino. Watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian Arusha na dereva wao walikwenda pale kuchukua udongo. Udongo! Wataalamu kama hawa wetu wa hapa Uyole ambao tunapishana nao kila siku, wana vifuko na koleo, wanachota udongo wakaupime maabara ili mkulima ajue shamba lake linahitaji nini. Waliuawa na gari likachomwa. Kwa sababu ilisemwa kwamba ni wanyonya damu. Nimeiwaza sana ile siku. Walioona wageni wana gari, kweli waliona gari. Walioona wana vifaa, kweli waliona vifaa. Walioona wanachimba kitu wanaweka kwenye mfuko, kweli waliona. Macho hayakukosea popote. Kilichokosewa ni kile kipande cha mwisho ambacho hakuna jicho lililokiona, wamekuja kufanya nini. Kile kilijazwa na mdomo. Na mimi nasema hivi, katika yote tunayopotosha hakuna kinachoua haraka kama kumwekea mtu nia ambayo hajaisema, kwa sababu vitu vingine vyote mtu anaweza kuonyesha, angefungua mfuko wakaona udongo, lakini nia utaifungua wapi watu waione?

Wazee mliopitia TANU mnaikumbuka ile ahadi, "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Tulikuwa tunaiimba shuleni kama kasuku. Juzi ndo nimeisikiliza. Nilitegemea iseme nitasema kweli daima, uongo kwangu mwiko, si ndo kinyume cha kweli? Walioiandika hawakusema uongo. Walisema fitina. Nadhani walijua kwamba unaweza ukasema kweli tupu tangu asubuhi mpaka jioni na ukawa umefitini watu wote wa mtaa.

Hata nyumbani. Baba amechelewa kurudi, hilo limeonekana, saa nne usiku mlango umefunguliwa. Mama anamwambia mtoto "unaona, baba yako hatujali." Kuchelewa mtoto ameona, kutojali amepewa. Baba naye akikuta chakula cha baridi anasema kwa sauti mtoto asikie, "mama yako siku hizi ananidharau." Mtoto anakua na wazazi wawili ambao kila mmoja ameelezwa na mwenzake, na hajawahi kumsikia hata mmoja akijieleza mwenyewe. Wifi kwa wifi hivyo hivyo, jirani kwa jirani, mimi sitaingia sana huko maana kila mmoja ana nyumba yake na anajua.

Nikifika hapa mnajua ninakokwenda. Naona katibu ameinamisha kichwa.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, meseji ikaingia kwenye grupu letu la WhatsApp. Ninayo mpaka leo, sijaifuta. "Nimemuona mwenzetu fulani stendi ya Nane Nane ana begi kubwa." Basi. Aliyeiandika aliona kweli, alikuwa anasafirisha parachichi pale. Hakuongeza hata neno. Baada ya dakika kama nne ikaja meseji ya pili. "Na ufunguo mmoja si anao yeye?" Ni kweli, sanduku hili lina kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu, na mmoja alikuwa nao yeye. Ikaja ya tatu, "Na mkopo wake bado marejesho mawili." Kweli kabisa, yalibaki mawili. Meseji tatu. Ukizichukua moja moja ukazipeleka mahakamani zote ni za kweli, hakuna neno mwizi hata moja. Saa tatu asubuhi watu kumi na moja walikuwa nyumbani kwake wamesimama uani, mama mkwe wake mgonjwa wa miguu anatetemeka kwenye kigoda anauliza jamani kuna nini, na mmoja wetu ameshashika kamba ya mbuzi.

Ile meseji ya pili niliandika mimi.

Niliandika kama swali, niliweka na alama ya kuuliza, na kwa muda mrefu nilijitetea nayo ile alama, kwamba mimi niliuliza tu. Hapana. Nilishona kilemba. Mimi niliyeshona magunia miaka kumi na moja nilijua kabisa gunia limefika mdomoni na nikaongeza duara.

Mwenzetu alikuwa amekwenda Makete, kaka yake amelazwa hospitali kule, simu ya kumwita ilikuja saa tisa usiku. Begi lilikuwa na blanketi na sufuria, mnaijua baridi ya Makete na mnajua mgonjwa wa hospitali anahitaji nini. Ufunguo alimwachia mwanae na akamwambia ampelekee mwenyekiti kabla ya kwenda shule, na mtoto alikuja nao, alitukuta uani kwao tukiwa tumesimama, akiwa na sare za shule na ufunguo umefungwa kwenye leso. Nyie mliokuwepo mnakumbuka. Ule mkono mdogo ukiufungua ile leso. Hakuna aliyeupokea mara ya kwanza, mtoto alibaki ameunyoosha.

Sanduku tulilikuta na kufuli zote tatu. Tulihesabu hadharani kama kawaida yetu, hisa zote zilikuwepo, mfuko wa jamii ulikuwepo, hata ile noti iliyochanika ilikuwepo.

Alirudi baada ya siku nne. Marejesho yake mawili akamaliza yote siku moja, akaomba hisa zake, akapewa. Hakuna aliyemuomba radhi, kwa sababu kila mtu alijiambia mimi sikumuita mwizi. Na kweli, hakuna aliyemuita. Grupu zima ukilisoma hutakuta.

Sasa narudi kwenye karatasi. Wiki iliyopita nilimuomba katibu daftari la mihtasari, na nimelisoma. Kikao cha mwezi wa nne, mstari wa sita kutoka juu, kwa mwandiko mzuri kabisa, imeandikwa: "Mwanakikundi amejitoa kwa hiari yake kutokana na sababu za kifamilia." Tumesaini chini yake wote. Saini yangu ipo. Miaka kumi ijayo mtoto wake yule wa leso akija kusoma daftari hili atakuta mama yake aliondoka kwa hiari, kwa mambo ya kwao, na sisi tulikuwa watu wazuri tumekaa tunahesabu hisa.

Jumanne nilikwenda kwake. Sikwenda kwa niaba ya kikundi, nilikwenda mwenyewe, nilimwambia ile meseji ya pili niliandika nikiwaza nini, maana yeye alikuwa hajui, alidhani nilikuwa nauliza kweli. Alinyamaza muda mrefu, akaendelea kupepeta mchele wake. Nikamuuliza kama atarudi kikobani. Akasema, "Mama, andikeni kwanza. Nitasoma."

Kwa hiyo mwenyekiti, kabla sanduku halijafunguliwa, na najua watu wana haraka ya mgao na mvua inakuja, naomba daftari lifunguliwe kwanza. Ule mstari wa sita usikatwe kwa wino ukafichika, upigwe mstari mmoja ili uweze kusomeka, maana na sisi tuliuandika kweli. Chini yake katibu aandike tulichokiona tu, nisipotoshe tena, naomba mnisahihishe nikikosea: kwamba tarehe ile mwenzetu alionekana stendi ya Nane Nane akiwa na begi. Kwamba ufunguo aliuacha kwa mwanae na mtoto aliuleta asubuhi hiyo hiyo. Kwamba sanduku lilikutwa na kufuli tatu na fedha zote. Kwamba wanakikundi kumi na moja tulikwenda nyumbani kwake akiwa hayupo, tukamshika mbuzi wake. Kwamba baada ya hapo alichukua hisa zake akaondoka.

Na pale kwenye sababu ya kuondoka tusiandike kitu. Tuache mistari mitatu mitupu, aijaze yeye mwenyewe.

Katibu, kalamu hii hapa.